Mbu, Kimeng'enya na Lupasi (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tuliishia kwenye chembe B, zile chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho BTK, chenye jina la Ogden Bruton, daktari Mmarekani aliyeeleza mwaka 1952 habari za mvulana aliyeugua kila mara kwa kukosa kingamwili. Jeni ya BTK ilitambuliwa mwaka 1993. Bila BTK, chembe B hazikomai. Kikichochewa kupita kiasi, zinaweza kutoa kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe, kama ilivyo katika ugonjwa wa lupasi.

Breki ipo. Juu ya chembe B kuna kipokezi, FCGR2B, kinachokiita kimeng'enya kingine, SHIP, kije kuvunja kemikali ambayo BTK huishikilia kwenye utando wa chembe. BTK kikikosa pa kushika, kinatulia.

Kuna watu waliorithi breki legevu, na habari yao inatuhusu Wakenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto wetu, ulionyesha kwamba waliorithi jeni ya breki hiyo legevu kutoka kwa baba na mama pia walipata malaria kali kwa nadra. Jeni hiyohiyo huongeza uwezekano wa lupasi. Ndiyo maana, nadhani, imeenea Afrika na Asia kuliko Ulaya: mbu ndiye aliyeitunza. Kuirithi si kuugua, lakini. Lupasi ina vyanzo vingi.

Sasa njoo Embulbul. Wengi wetu tumehamia hapa kutoka kwenye mbu, na huku chini ya milima ya Ngong malaria si tishio kubwa. Jeni haikubaki nyuma. Mtu akilalamikia viungo, jirani humwambia ni baridi. Akiwa na homa, anameza dawa ya malaria bila kupimwa. Baridi yetu kweli haina utani, ila mama kijana anayeamka vidole vimevimba, anayetoka upele mashavuni akipigwa na jua, apimwe damu na mkojo, maana lupasi hula figo kimyakimya. Kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Akipatikana na lupasi, dawa ya kwanza atakayoandikiwa huenda ikamshangaza: haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini ileile chungu ambayo Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998.

Itaendelea: dawa zinazokizima BTK.