Kabla ya Kupanga Foleni ya Kipaza Sauti

Mzazi aliyesomesha watoto Kigoma au Bukavu, akihamia San Diego na kusikia habari za bodi ya shule, huwaza kamati anayoijua: wazazi wachache na mwalimu mkuu wakijadili madawati na vyoo vya shule moja. Bodi ya shule ya California ni chombo kikubwa zaidi. Inaongoza wilaya nzima ya shule, wajumbe wake huchaguliwa kwa kura, nao ndio wanaomwajiri mkuu wa elimu wa wilaya, wanaopitisha bajeti na wanaoamua shule ipi ifungwe. San Diego ina wajumbe watano, Los Angeles saba. Kikundi cha wazazi au walimu kinachotaka kuanzisha shule ya chata, mara nyingi mlango wake wa kwanza ni hao.

Shule ya chata ni shule ya umma. Haitozi ada, hulipwa na serikali kwa kila mwanafunzi, lakini huendeshwa na shirika lake lenyewe kwa mkataba, nje ya sehemu kubwa ya kanuni zinazozibana shule nyingine za wilaya. Albert Shanker, kiongozi wa shirikisho la vyama vya walimu la Marekani, alilipigia debe wazo hilo mwaka 1988, ingawa baadaye aligeuka akawa mpinzani wake. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, na California ikafuata mwaka uliofuata.

Wazazi wanaoomba chata hujiandaa sana kwa ajili ya siku ya kusimama mbele ya kipaza sauti, na kidogo mno kwa ajili ya wiki zinazoitangulia. Ukumbini utapewa dakika mbili au tatu, na watu wakiwa wengi zaweza kupunguzwa hadi moja. Dakika hizo zina thamani, ila kazi yake ni kukazia yaliyokwisha kuandikwa. Wajumbe wanapoketi, huwa na faili mkononi na mapendekezo ya wataalamu wa wilaya. Aliyesoma faili hilo na aliyekuja na uchungu wa moyo peke yake hawasikilizwi sawa, hata wakiwa na haki sawa.

Basi tuanze na faili. Ombi la chata lazima lieleze mambo 15 yaliyotajwa na sheria: mtaala, namna ya kupima maendeleo ya wanafunzi, utawala, sifa za walimu, taratibu za nidhamu, namna ya kupokea wanafunzi, na hata shule itafungwa vipi ikishindwa. Waombaji wengi huandika kurasa nzuri juu ya ndoto yao, kisha wanakwama kwenye fedha. Sheria inataka bajeti ya mwaka wa kwanza pamoja na gharama za kuanzia, na makadirio ya mapato, matumizi na mtiririko wa fedha kwa miaka mitatu ya mwanzo. Mali bila daftari huisha bila habari, na wakaguzi wa wilaya huanzia hapo hapo. Kama idadi ya wanafunzi mnaowatarajia imekuzwa ili hesabu zikae sawa, wataiona.

Pia kuna saini. Shule mpya inayokadiria kupokea wanafunzi 200 mwaka wa kwanza inahitaji saini za wazazi au walezi wasiopungua 100, na fomu yenyewe iseme waziwazi kwamba anayetia saini ana nia ya dhati ya kumpeleka mtoto wake pale. Saini ya jirani mwenye moyo mwema asiye na mtoto wa kuandikisha haihesabiki. Njia ya pili ni saini za walimu wanaotaka kufundisha hapo, wafike nusu ya idadi itakayohitajika. Ninawashauri wanaokusanya saini misikitini na makanisani wasiwe na haraka. Mweleze mzazi anachotia saini, kwa Kiswahili au kwa lugha yake ya nyumbani, maana bodi ikitilia shaka saini inayo sababu ya kisheria ya kukataa.

Na maadamu nimetaja misikiti na makanisa: shule ya chata haiwezi kuwa ya dini. Jimbo la Oklahoma liliidhinisha shule ya chata ya Kikatoliki ya mtandaoni, mahakama kuu ya jimbo hilo ikaikataa mwaka 2024, na Mei 2025 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani waligawanyika wanne kwa wanne, uamuzi wa jimbo ukabaki kama ulivyo. Jamii inaweza kuomba shule inayoheshimu lugha na utamaduni wake, lakini mlango lazima uwe wazi kwa kila mtoto, na maombi yakizidi nafasi wanafunzi huchaguliwa kwa kura ya bahati nasibu ya hadharani.

Ombi likishawasilishwa, saa inaanza kuhesabu. Ndani ya siku 60 bodi huitisha kikao cha kupima uungwaji mkono wa ombi hilo, na ndani ya siku 90 iwe imeamua, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza muda. Lakini muda muhimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni siku 15 kabla ya kikao cha uamuzi. Hapo wilaya inalazimika kuchapisha ripoti ya wataalamu wake pamoja na mapendekezo. Waombaji wanaoijua haki hii huisoma ripoti usiku huo huo, huandika majibu ya kila dosari iliyotajwa, na huwagawia wasemaji wao hoja. Wasioijua hufika ukumbini kutoa ushuhuda juu ya mambo ambayo hakuna aliyeyapinga.

Sababu za kukataa zimewekewa mipaka. Bodi haiwezi kusema tu kwamba haitaki. Lazima iandike sababu mahususi zinazohusu ombi hilo: mpango wa elimu usio imara, waombaji wasio na uwezo wa kuutekeleza, saini pungufu, maelezo yasiyotosheleza. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kuna mbili nyingine nzito. Bodi inaweza kukataa ikiwa shule hiyo haielekei kuinufaisha jamii nzima, au ikiwa hali ya kifedha ya wilaya ni mbaya kiasi kwamba haiwezi kubeba mzigo wake.

Hizo mbili msizichukulie kama hila za maadui. Mtoto anapohama, fedha huhama naye, lakini paa la shule aliyoiacha na mshahara wa mwalimu wake havipungui kwa kiasi kile kile. Walimu wa Los Angeles waligoma kwa siku sita Januari 2019, na kupanuka kwa shule za chata kulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Mwaka huo huo waendesha mashtaka wa San Diego waliwafungulia kesi watu 11 kuhusu mtandao wa shule za chata za mtandaoni ulioitwa A3, uliochota mamilioni ya dola za umma. Mjumbe anayeuliza maswali makali leo ana kumbukumbu hizo kichwani. Mjibuni kwa hesabu na kwa heshima. Na mzazi anayepinga chata, akija kuitetea shule ya mtaa wake, ana haki ya kusikilizwa sawa na ninyi.

Mikutano ya bodi inalindwa na sheria iitwayo Brown Act, ya mwaka 1953. Ajenda ya mkutano wa kawaida hubandikwa angalau saa 72 kabla, ya mkutano maalumu saa 24. Hamlazimiki kuandika majina yenu ili kuingia ukumbini. Mnaruhusiwa kukosoa sera za wilaya. Na anayezungumza kwa msaada wa mkalimani, ikiwa hakuna vifaa vya kutafsiri papo hapo, apewe angalau muda maradufu. Mama anayejieleza vizuri kwa Kiswahili asishurutishwe kubabaika kwa Kiingereza. Aje na mkalimani, adai dakika zake. Kuwapigia kura wajumbe huhitaji uraia karibu kila mahali Marekani, kuzungumza mbele yao hakuhitaji.

Njooni mapema, miezi kabla ya ombi lenu, katika mikutano ambayo jambo lenu halimo. Sikilizeni mjumbe gani huuliza juu ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, yupi huuliza juu ya watoto wenye ulemavu. Mtu asiye na neno kuhusu jambo lililo kwenye ajenda anaweza kuzungumza katika sehemu ya maoni ya jumla, ila bodi haitajadiliana naye, kwa kuwa sheria inaizuia kujadili lisilo kwenye ajenda. Wageni wengi huuona ukimya huo kuwa ni dharau.

Mkikataliwa, mna siku 30 za kukata rufaa kwa bodi ya elimu ya kaunti, ambayo hulipitia ombi upya. Ngazi ya jimbo iko juu yake, lakini siku hizi hiyo huangalia tu kama waliotangulia walitumia vibaya madaraka yao.

Mkikubaliwa, mkataba wa kwanza hauzidi miaka mitano, na kuhuishwa kwake kunategemea matokeo ya wanafunzi. Tangu mwaka 2020 bodi ya shule ya chata nayo inabanwa na Brown Act: ajenda ibandikwe, milango iwe wazi, wazazi wapewe nafasi ya kusema. Kina mama na kina baba waliopanga foleni mbele ya bodi ya wilaya sasa wana kikao chao cha kuhudhuria, na bajeti ya kuulizia.