Mizani ya Kisauni

Katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, ulioko Kisauni, Unguja, abiria wa ndege ndogo huweza kuambiwa apande mizani, yeye na begi lake. Wapo wanaoona wametiwa haya. Ndani, rubani akimwomba bwana mmoja ahamie kiti cha mbele, hununa. Lakini ndege ikitikisika juu ya mkondo wa Zanzibar, bwana huyohuyo hung'ang'ania kiti, akiamini inapinduka.

Anaogopa kisichostahili. Ndege kama Cessna Caravan imeundwa ijirudishe yenyewe. Kitovu cha uzito huwekwa mbele kiasi, na mabawa madogo ya mkiani hukaa nyuma kabisa. Upepo ukiinua pua, hewa hupiga mkia kwa pembe nyingine, ukanyanyuka, na pua ikarudi chini hata rubani asipogusa usukani. Mtikisiko wenyewe mara nyingi ni wa joto: mchana wa jua ardhi ya Unguja hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupanda, na ndege inayoshukia Kisauni hurushwarushwa. Inaudhi, basi. Njia ya kurukia imelala kaskazini-kusini, kwa hiyo hata pepo za msimu, kaskazi na kusi, humjia rubani karibu na usoni, si ubavuni.

Hatari huingia mizigo ikirundikwa nyuma. Kitovu cha uzito kikivuka mpaka wa nyuma uliowekwa na mtengenezaji, mkia hukosa nguvu ya kuirudisha pua. Ikizidi kuinuka, mabawa huacha kuibeba ndege. Hapo ustadi wa rubani huenda usitoshe. Kwangu mimi, anayeficha kilo za begi lake ni wa kuogopwa kuliko wingu lolote la masika.

Hofu ya watu, hata hivyo, ina sababu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43, 19 walifariki. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku katika anga lake mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania. Sababu iliyotajwa ni udhaifu wa usimamizi wa serikali. Elimu ya mabawa haiwezi kuziba pengo hilo.

Abiria, panda mizani bila kununa, useme kilo za kweli. Nayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga itutangazie matokeo ya ukaguzi wake, shirika kwa shirika, kwa Kiswahili.