Meinfremu: kompyuta yenye spea tumboni

Meinfremu ni kompyuta yenye ukubwa wa kabati la nguo, inayobeba hesabu za benki, mashirika ya ndege na serikali. Mtengenezaji wake mashuhuri ni IBM ya Marekani, iliyotangaza familia ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964.

Mhandisi anayeibuni huanza kwa kukubali kwamba kila kifaa kitakufa siku moja. Kufa kwenyewe si balaa, maana seva iliyozimika kila mtu huiona. Balaa ni ile inayojumlisha vibaya kimyakimya na kuandika salio la uongo. Chembe zitokazo angani zinaweza kugeuza biti moja ya kumbukumbu kutoka 0 kuwa 1 bila hata waya kuungua. Ndiyo maana data hufungwa pamoja na biti za ziada za kugundua na kusahihisha makosa. Richard Hamming alichapisha mbinu maarufu ya aina hiyo mwaka 1950.

Prosesa ya meinfremu za IBM za kizazi cha G5, ya mwaka 1998, ilikwenda mbali zaidi. Kila amri ilitekelezwa na sehemu mbili pacha kwa wakati mmoja, kisha majibu yakalinganishwa. Yakipishana, hakuna kilichoandikwa: prosesa ilirudi pale ilipokuwa salama mara ya mwisho, ikajaribu tena. Kosa la kupita liliishia hapo. Likijirudia, prosesa hiyo iliondolewa kazini na hesabu yake, ilipofikia, ikakabidhiwa prosesa ya spea. Programu haikuhisi kitu.

Matengenezo nayo hufikiriwa tangu kwenye mchoro. Feni na pawasaplai huwekwa zaidi ya zinazohitajika, na fundi huzichomoa mashine ikichapa kazi. Mashine hutuma yenyewe taarifa ya hitilafu kwa mtengenezaji, hivyo fundi huweza kufika na spea mkononi. Taa ndogo humwonyesha kifaa cha kutoa. Si pambo: akichomoa kizima kwa bahati mbaya, kinachobaki ni kibovu.

Upatikanaji wa asilimia 99.999, ambao wateja hupenda kuutaja, unaruhusu kusimama kwa dakika tano hivi tu kwa mwaka. Lakini chumba kikishika moto, pacha na spea huungua pamoja. Kwa hilo hununuliwa mtambo wa pili, ukawekwa jengo jingine.