Pingili za Papa Zisiuzwe Rejareja

Papa hana mfupa hata mmoja. Kiunzi chake ni gegedu tupu, nayo gegedu huoza upesi. Ndiyo maana makavazi ya dunia yamejaa meno ya papa wa kale, ilhali visukuku vya pingili za uti wa mgongo wake ni haba. Zilizodumu zilikuwa zimekazwa na chembe za kalsiamu.

Mimi, ambaye kazi yangu ni maneno na wala si samaki, nalipenda neno hili pingili. Ndilo tulitumialo kwa muwa na mwanzi, na alitamkaye amekwisha kukiri kwamba kipande hicho kina mwenzake juu na mwenzake chini. Wachuuzi wa visukuku hawajali hayo. Katika migodi ya fosfeti ya Khouribga, nchini Moroko, pingili huchimbuliwa, nyingi zikauzwa moja moja kuwa mapambo ya mezani. Aghalabu mnunuzi hajui yake ilitoka tabaka gani wala ilikuwa ya ngapi katika uti.

Je, hasara ni ipi? Natuutazame uti uliopatikana karibu na Antwerp, Ubelgiji, katika miaka ya 1860. Pingili zake 141, za papa aitwaye megalodoni, zimehifadhiwa pamoja mjini Brussels. Mwaka 2021 wataalamu walizimulika kwa eksirei, wakahesabu pete 46 za ukuaji, mithili ya zile za shina la mti. Kwa kuichukua kila pete kuwa mwaka, walikadiria kuwa papa huyo alikufa akiwa na umri wa miaka 46, na kwamba alizaliwa na urefu wa takriban mita 2! Kwa kutegemea upana wa pingili moja, ile kubwa kuliko zote, walimkadiria kuwa na mita 9 hivi. Mwaka 2022 wengine wakaupima uti mzima: wenyewe tu ulikuwa na mita 11, na papa mzima akakaribia 16. Pingili moja ilikuwa imemfupisha papa kwa mita saba.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 humtaka agunduaye kisukuku ayaarifu Makavazi katika muda wa siku saba, akitaja mahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata. Walimu wanaowapeleka wanafunzi ziarani wangewasomea kifungu hicho kabla ya kupanda basi.