Filamu moja ya jini, watazamaji watatu

Tuseme uko kwenye kibanda cha video hapa Kahororo. Inaonyeshwa Shumileta, filamu ya Mussa Banzi ya mwaka 2005 kuhusu jini wa kike. Binti aliyekaa mbele anajifunika kanga usoni. Mama mmoja anasema, "Ashindwe kwa jina la Yesu!" Kijana wa nyuma anacheka tu. Picha ni moja, mbona kila mtu na lake?

Zamani wataalamu walifananisha vyombo vya habari na sindano: ujumbe unadungwa, mtazamaji anaathirika. Ingekuwa hivyo, wote watatu wangejifunika kanga.

Mwaka 1973 Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, alitoa hoja tofauti. Mtengenezaji anafunga maana ndani ya picha. Mtazamaji anaifungua kwa ufunguo wake. Anaweza kuipokea kama ilivyo, kama yule binti. Anaweza kukubali nusu: mama anaamini majini yapo, ila haamini kwamba yana nguvu kumshinda Mungu. Au anaikataa: kijana anaona vipodozi na kamera tu.

Kwa hiyo, mdogo wako akikosa usingizi baada ya picha kama hii, usikimbilie kumwambia "ni uongo tu". Muulize kwanza, "Umeona nini?" Huenda hofu yake haikuanzia kwenye skrini, ilianzia kwenye maneno aliyoyasikia nyumbani, hata kabla TV haijawashwa.