Goma: Akiba ya chakula nyumbani, kilo moja kila juma

Ndani ya miaka minne, mji wa Goma umepitia taabu za aina mbili. Mwezi wa tano 2021, siku 5 baada ya volkano Nyiragongo kulipuka, viongozi waliamuru watu wahame, na mamia ya maelfu ya wakaaji wakashika njia ya Sake, Rwanda na Bukavu. Mwezi wa kwanza 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, mambo yalikuwa kinyume: watu walijifungia nyumbani siku kadhaa, risasi zikilia, maji na umeme vikikatika, maduka yakiwa yamefungwa. Hata maghala ya PAM, Shirika la Chakula Duniani, yaliporwa.

Basi, jamaa iweke akiba ya kiasi gani?

Katika kugawa msaada, kipimo kinachotumika mara nyingi kwa mtu mmoja kwa siku ni gramu 400 za unga au nafaka, gramu 60 za maharagi, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Kwa watu 6, majuma mawili yanahitaji karibu kilo 34 za unga au mahindi, kilo 5 za maharagi, lita 2 na nusu za mafuta na nusu kilo ya chumvi.

Mama anayeuza nyanya Birere na kula alichopata leo hawezi kununua hayo yote kwa mara moja. Lakini akiweka kilo moja kila juma, maharagi yanatimia kwa majuma 5. Akiendelea hivyo na mahindi, maharagi na mahindi yote yanatimia kwa majuma 39.

Adui mkubwa ni unyevu. Tia chumvi kavu na mahindi kidogo ndani ya chupa kavu, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, jaza bidoni kavu hadi mdomoni na kufunga sana: wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Mahindi yenye ukungu yatupwe, maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Unga unaharibika mapema kuliko mahindi, lakini umeme ukikatika mashine nyingi za kusaga zinasimama. Kwa hiyo weka unga wa juma moja, na nafaka kwa siku zinazobaki. Mahindi yanaweza kuchemshwa na maharagi. Usisahau makala, kiberiti na bidoni za maji safi.

Kwa kuwa hakuna anayejua kama kesho ni kukimbia au kujifungia, gawa akiba mara mbili. Sehemu kubwa ibaki nyumbani. Ndogo iwe ndani ya mfuko ambao mtoto mkubwa anaweza kubeba: karanga za kukaanga, biskuti, maji, vitu visivyohitaji moto.

Kila mwezi, pika kilicho cha zamani na kununua kipya mahali pake.