Merikebu Iliyovuka Ugogo: Habari za Kiwanda cha Meyer cha Papenburg

Mtu asimamaye katika stesheni ya Dodoma wakati wa kiangazi, akatazama vumbi, mibuyu na vilima vya mawe, haoni sababu yoyote ya kukumbuka habari za merikebu. Bahari iko kiasi cha kilometa 450 mashariki kwa njia ya reli. Ziwa Tanganyika liko magharibi, mbali zaidi ya hapo. Hata hivyo, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, merikebu nzima ilipita katika stesheni hii. Ilikuwa imefunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Merikebu hiyo ndiyo Graf Goetzen, ambayo leo twaiita Liemba. Maisha yake ziwani yamekwisha kuandikwa mara nyingi. Kusudi la makala haya ni kueleza habari za kiwanda kilichoiunda, na jinsi kazi yake ilivyoitegemea nchi kavu ya Ugogo.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha ukoo wa Meyer, katika mji wa Papenburg, kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Papenburg si mji wa pwani. Ulianzishwa katika nchi ya mabwawa, ambako watu walichimba udongo mweusi uwakao kama kuni, wakachimba na mifereji ili kuuchukua kwa mashua kwenda kuuza. Penye mashua hapakosi mwundaji, na kwa hiyo viwanda vya vyombo vya mbao vilizaliwa kando ya mifereji ile. Kimojawapo kilianzishwa na Willm Rolf Meyer mwaka 1795. Katika miaka ya 1870 mjukuu wake katika kazi hiyo, Joseph Lambert Meyer, aliacha mbao akaanza kuunda kwa chuma na kutia injini za mvuke. Majirani zake wengi walishikilia ufundi wa baba zao, na viwanda vyao vikafa kimoja kimoja. Cha Meyer kikabaki peke yake.

Kiwanda kilicho mbali na bahari kina taabu yake. Chombo kikitoka gudini sharti kiteremke mto Ems, mto mwembamba, kilometa nyingi kabla ya kuonja maji ya chumvi. Basi fundi wa Papenburg hakuweza kuulizwa tu, "Wataka merikebu ya namna gani?" Aliulizwa pia, "Itatokaje hapa?" Nadhani desturi hii ya kufikiri njia kabla ya chombo ndiyo iliyowafaa walipopokea agizo la merikebu ya Tanganyika, maana hapo njia ilikuwa ngumu kupita zote.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walitaka chombo kikubwa cha abiria na shehena ziwani, chenye urefu wa meta 71 na upana wa meta 10 hivi. Hapana mto uendao huko kutoka baharini. Kwa hiyo merikebu iliundwa mara mbili. Mwaka 1913, huko Papenburg, mkuku ulilazwa, mataruma yakasimamishwa na mabamba ya chuma yakaunganishwa, lakini kwa skurubu tu. Ilipoonekana kwamba kila kipande chakaa mahali pake, yote yakafunguliwa tena. Ribiti za kudumu, yaani ile misumari minene ipashwayo moto na kugongwa kichwa ikiwa bado nyekundu, zilingoja mpaka Kigoma. Mafundi watatu walifuatana na mzigo wao: Anton Rüter, aliyekuwa mkubwa wao, na Rudolf Tellmann na Hermann Wendt.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na mwanzo wa 1914 ikafika Kigoma. Upana wake ni meta moja tu kati ya chuma na chuma. Makasha yalipanda kutoka Kilosa kwa bonde la Mkondoa, ambalo mafuriko yake yameikata njia hii mara nyingi tangu siku zile, yakapita Gulwe na kufika Dodoma. Kisha Bahi, Saranda, na mpando wa kwenda Manyoni. Kila boila na kila bamba lilipita katika nchi ambayo mwenyeji huhesabu mvua kwa wiki. Wazee husimulia kwamba jina la Dodoma latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kudidimia, kwa sababu ya tembo aliyezama katika matope. Msomaji apendaye ishara ataona hapo bishara ya yaliyoipata merikebu baadaye. Mimi naona ni bahati tu.

Kigoma, mafundi wale watatu pamoja na vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi waliunganisha vipande, nayo Graf Goetzen ikashuliwa tarehe 5 Februari 1915. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, na chombo cha abiria kikafungwa mizinga. Haikudumu. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza injini zilipakwa mafuta mazito, ili siku moja ziweze kufufuliwa. Siku tatu baadaye, tarehe 29 Julai, majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma na kuikata reli. Tarehe hizi mbili hufaa kusomwa pamoja. Waandishi wengi wa habari za ziwa hutaja mashua za Kiingereza na ndege za Kibelgiji, wala hawakumbuki kwamba chombo kile kilikuwa na mzizi wake relini, na mzizi ukikatwa mti haukai.

Ugogo wenyewe ulilipa zaidi. Majeshi ya pande zote mbili yalitwaa nafaka, ng'ombe na wanaume wa kuchukua mizigo. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa tupu, na njaa iliyokuja kati ya 1917 na 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Reli iliyoweza kupitisha merikebu nzima haikuwaletea chakula cha kutosha.

Waingereza waliizua merikebu mwaka 1924. Mafuta ya mafundi yalikuwa yamefanya kazi yake: injini na boila zilifaa kutumika tena. Mwaka 1927 ilirudi kazini ikiitwa Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande wa kusini.

Kiwanda cha Meyer nacho kiliendelea. Mwaka 1986 kilikabidhi Homeric, meli yake kubwa ya kwanza ya matembezi ya anasa, na tangu hapo kimejulikana hasa kwa majumba hayo yaeleayo, yenye michezo ya kuigiza, mabwawa ya kuogelea na vyumba vya maelfu ya wageni. Kila moja huundwa kwa agizo la mwenyewe, ndani ya gudi lililoezekwa, ambalo moja lina urefu wa meta 504. Lakini mto haukupanuka. Meli huteremka Ems kinyumenyume, tezi mbele, ikikokotwa polepole. Na tangu 2002 lango kubwa la maji huko Gandersum hufungwa ili kina kiongezeke. Watetezi wa mto hawakupendezwa, na sidhani kwamba hawana haki. Baada ya maradhi ya korona kuwafungia wasafiri majumbani, kiwanda kikapungukiwa fedha, hata mwaka 2024 serikali ya Ujerumani na jimbo la Niedersachsen wakanunua kiasi cha asilimia 80 ya hisa zake.

Liemba haikuwa ya anasa kwa kiasi hicho, ingawa ina vyumba vya daraja la kwanza. Baada ya mitambo yake ya mvuke kubadilishwa kwa ya dizeli katika miaka ya 1970, iliendelea kuchukua dagaa, mahindi na wasafiri. Mwezi wa Mei 2015 ilitumwa Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi, ambako maelfu ya wakimbizi walikuwa wamekusanyika ufukoni. Hapana gati kubwa pale. Merikebu ilisimama kilindini, na watu wakapelekwa kwa mashua za wavuvi, mashua baada ya mashua, mpaka ilipojaa ikang'oa nanga kwenda Kigoma.